Alama za Uongo za Merle Tidrick

Merle Tidrick aliuza viatu kwa miaka thelathini na mmoja kwenye barabara kuu ya mji wetu wa Bellwick, na katika miaka yote hiyo sikupata kumsikia mtu akilalamika kwamba aliuziwa kiatu kibovu. Hilo nalisema mapema ili niwe nimemaliza mazuri yake.

Sisi wengine wa klabu ya shabaha tulikuwa watu wa tanuru za chuma, wa kiwanda cha vioo, wa reli. Jumamosi asubuhi tulikutana kwenye uwanja wetu nyuma ya machimbo ya zamani, na masikio yetu yalikuwa yameshaharibiwa na kazi kabla ya bastola kuyafikia. Merle alikuja na mikono laini kama ya daktari wa meno na koti lililoshonewa beji kutoka begani hadi kiunoni. Beji za mashindano ya jimbo, za mashindano ya taifa, za vikosi vya jeshi. Zote alizinunua kwenye maonyesho ya wakusanyaji. Moja ilikuwa ya mwaka 1934, wakati Merle alikuwa na umri wa miaka mitano. Mtu akiiulizia, alisema, "Ah, hiyo ina historia yake," halafu anageukia kahawa.

Jeshi lilimkataa wakati wa vita vya Korea kwa sababu ya nyayo bapa. Si aibu, nyayo bapa mtu huzaliwa nazo. Aibu ni kwamba baadaye aliongea kama jenerali mstaafu.

Alikuwa mkusanyaji. Nyumbani kwake alikuwa na kabati la kioo lililotandikwa kitambaa cha kijani, na humo bastola kumi na moja, zote rivolva za shabaha za zamani, zile za silinda ya tundu sita na mtutu mrefu, zilizotengenezwa enzi ambazo fundi alilisugua kila jino la ndani kwa mkono mpaka triga, kile kidude cha kufyatulia, ikavutika kama unakata siagi. Ni vyombo vya kupendeza, sikatai. Vilitengenezwa kwa kazi moja tu: mtu asimame, anyooshe mkono mmoja, atoboe karatasi iliyo yadi ishirini na tano au hamsini mbele yake. Merle hakuwahi kutoboa karatasi kwa hata moja kati ya hizo. Alizishika kwa glavu nyeupe za pamba. Mkewe, Noreen, alikuwa haruhusiwi kufuta vumbi kwenye kabati lenyewe, achilia mbali kilichomo.

Mara mbili kwa mwaka aliazima bastola ya klabu, akapiga vibaya, akasema kitako hakimfai. Mimi, Clem, ndiye niliyekuwa msimamizi wa mstari wa kupigia. Ndiye niliyeuliza kwa sauti kama upande wa kulia uko tayari na wa kushoto uko tayari, na ndiye niliyeandika alama za kila mtu. Kwa hiyo alama za Merle nilizijua kuliko alivyopenda.

Mtu aliyemkera zaidi alikuwa Bernadine Kuzma. Bernadine alikuwa mkaguzi kwenye kiwanda cha vioo, mwanamke mfupi wa miaka sitini na miwili aliyevaa sweta ya marehemu mumewe majira yote. Rivolva yake aliinunua mpya mwaka 1956 na hakuipumzisha tangu hapo. Rangi ya chuma ilikuwa imetoka kote alikoshika, kitako cha mbao kimelika kwa kiganja chake, na upande mmoja kulikuwa na utepe mweusi wa fundi umeme. Alikuwa bingwa wetu miaka tisa mfululizo. Alama zake bora zilikuwa 284 kati ya 300, na hakuna mtu katika bonde letu aliyezifikia.

Merle hakuweza kupita nyuma yake bila kutikisa kichwa. "Bernadine," alimwambia siku moja, kahawa mkononi, "ungeiacha hiyo kwenye boksi lake, leo ungekuwa na kitu cha maana."

"Ninacho kitu cha maana, Merle," alijibu Bernadine huku akisukuma risasi kwenye silinda. "Wewe ndiye mwenye boksi."

Watu walicheka. Merle naye alicheka, kwa sababu alikuwa hajui afanye nini kingine na uso wake.

Kitu alichojivunia kuliko vyote kilikuwa rivolva ya mwaka 1940, yenye mtutu wa inchi sita, haijawahi kupigwa tangu itoke kiwandani. Ilikuwa na boksi lake la rangi ya damu ya mzee, karatasi yake ya maelezo, ufito wa kusafishia na bisibisi ndogo, vyote vya asili. Kwa wakusanyaji, bastola ya namna hiyo ni kama mwanasesere ambaye hajawahi kuchezewa. Wanaangalia silinda kwa kioo cha kukuzia, wakitafuta ule mstari mwembamba unaochorwa na kijino cha chini pale silinda inapozunguka. Mstari ukiwepo, imechezewa. Ya Merle haikuwa na mstari, na wasikilizaji wake wote tuliujua wimbo huo.

Jinsi alivyoipata alitusimulia mwenyewe, mara nyingi, kama kichekesho. Bi Hazel Lindqvist, mjane kutoka Kittering, ng'ambo ya mto, alikuja dukani kutafuta viatu kwa miguu yake iliyovimba. Merle akiwa amepiga goti anampima, yule mama alianza kuongea, kama watu wanavyoongea wakiwa wamevua viatu. Mumewe, Harald, alikuwa akipenda shabaha. Aliinunua bastola ile wiki moja kabla ya kuitwa vitani, na meli yake ilizama Pasifiki mwaka 1944. Ilikuwa bado kwenye droo, chini ya vitambaa vya meza.

"Nikamwambia, mama, chuma kikikaa bila kazi kinaoza kwa ndani," Merle alitusimulia, akiiga sauti yake mwenyewe ya dukani. "Nikamwambia mimi ni mpigaji. Itaimba kila Jumamosi. Wiki ileile tukaenda wote kwa muuza silaha kuandikishana. Aliniachia kwa bei ya jozi mbili za viatu, na viatu vyenyewe nikampunguzia."

Alisubiri tucheke. Bernadine aliinuka, akamwaga kahawa yake kwenye majani, akaondoka. Sisi wengine tulibaki tumekaa, na baadhi yetu, nami nikiwa mmoja, tulicheka kidogo. Sijisifu kwa hilo.

Ambacho hakutusimulia ni barua. Bi Hazel alikuwa amemwomba kitu kimoja tu: bastola ikipigwa, aandikiwe. Na Merle akawa anaandika. Miaka minne, kila Krismasi na kila siku ya kuzaliwa kwa Harald, barua moja kwa wino, mwandiko mzuri wa kuandikia bei za viatu. Bastola ya Harald imepata 279. Bastola ya Harald imepata 287, watu wote uwanjani wamesimama kupiga makofi. Noreen ndiye aliyebandika stempu, akidhani mumewe anamtumia mteja wa zamani salamu tu, kwa wema.

Mwaka 1988, mwezi wa tano, simu iliita nyumbani kwa Tidrick wakati Merle yuko kwenye maonyesho. Noreen akapokea. Bi Hazel alisema anahama, anakwenda kukaa kwa binti yake Arizona, hatarudi tena upande huu. Alitaka kabla ya kuondoka aisikie mara moja tu bastola ya mume wake, ile ambayo barua zinasema inapata alama kubwa.

Noreen ni mwanamke mpole aliyefanya kazi ya kupika kwenye shule kwa miaka ishirini. Aliniambia baadaye kwamba alikaa jikoni na simu mkononi baada ya yule mama kukata, akatazama kabati lile la kioo, na akaelewa barua zote kwa mkupuo mmoja. Hakumwambia Merle kitu. Alimpigia Bi Hazel siku ya pili, akamwambia aje Jumamosi, saa nne asubuhi.

Jumamosi hiyo tulikuwa watu kama kumi na wanne. Merle alikuwa amekaa kwenye benchi la nyuma akimweleza mtu kasoro za bastola ya mwenzake. Gari dogo likaingia, akashuka binti wa makamo, akamshika mkono mama mrefu mwenye fimbo na macho yenye ukungu. Merle alipomwona, aliweka kikombe chini taratibu sana.

"Bwana Tidrick yuko wapi?" aliuliza yule mama. "Nimekuja kumsikia bingwa wenu."

Watu waligeuka kumtazama Merle. Yeye akaendelea. Alikuwa na mkoba, na ndani ya mkoba barua zimefungwa kwa utepe. Alitueleza, sisi watu tusiomjua, kwamba bwana huyu amekuwa akimwandikia bila kukosa. Kwamba mwaka juzi, siku ya mvua ya mawe mwezi wa kumi, alipata 291. Bernadine alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwake. Miaka thelathini na miwili ya Jumamosi zake haikuwa imempa 291. Alimtazama Merle, akatazama chini, akaanza kufunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka.

"Nyinyi mnamfahamu vizuri?" Bi Hazel aliniuliza, kwa kuwa nilikuwa nimeshika kipaza sauti.

"Tunamfahamu sana, mama," nikasema. Ndilo lililokuwa jibu la kweli pekee nililokuwa nalo.

Merle akaja, akamshika mkono kwa mikono yote miwili. Sauti ya dukani ilikuwa imerudi. "Mama, ningejua unakuja. Leo sikuja nayo. Na hata ningekuja nayo, hewa hii ina unyevu, chuma cha zamani hakipendi..."

"Lakini ulipiga siku ya mvua ya mawe," alisema Bi Hazel, bila ubaya wowote.

"Nimekuja nayo mimi," alisema Noreen.

Alikuwa amesimama kando ya gari lao, boksi mikononi. Hakuwa amevaa glavu. Merle alimfuata, wakaongea karibu na mlango wa gari, nami nilikuwa karibu kuliko nilivyopaswa.

"Unajua unachofanya wewe? Ikizungushwa mara moja tu imekwisha."

"Kapige, Merle."

"Noreen, nakuomba. Mwambie imeharibika."

"Miaka minne nimekubandikia stempu," alisema Noreen. "Kapige, au nitamwomba binti yake azisome hizo barua kwa sauti, na Clem hapa atafungua daftari lake."

Basi Merle akaenda kwenye mstari. Hakuwa na risasi. Mtu mwenye bastola kumi na moja, hana risasi hata moja. Bernadine akamkabidhi kumi za kwake, alizozijaza baruti mwenyewe nyumbani, akazipanga mbele yake kwenye meza moja moja. Kisha akasimama kwenye nafasi iliyo pembeni yake, namba sita, kwa sababu ilikuwa zamu yake kupiga. Merle alikuwa namba tano.

Tulimwekea Bi Hazel kiti. Nilimpa vizibo vya masikio, akaweka kimoja tu, cha kushoto, akafumba macho.

Nikatoa amri. Risasi kumi, dakika kumi, yadi ishirini na tano. Bernadine alipiga kama anavyopiga daima, bila haraka, mkono unapanda, unatulia, unashuka. Merle alikaa dakika tatu bila kupiga. Mtutu wake ulikuwa unazunguka hewani kama mtu anayetafuta jina lake kwenye orodha ndefu. Ya kwanza ilikwenda kwenye udongo. Bi Hazel alishtuka, halafu akatabasamu. Alikuwa haoni ilikokwenda na hakujali. Kila mlio ulipotoka aligonga fimbo yake chini kidogo, na midomo yake ilikuwa inahesabu. Nadhani ni watu wachache walioangalia shabaha asubuhi ile. Tulikuwa tunamwangalia yeye.

Alipomaliza nilikwenda kuchukua karatasi. Kwenye ya Merle kulikuwa na matundu matatu, jumla ya alama kumi na nne. Kwenye ya Bernadine kulikuwa na matundu kumi na moja. Kumi yamesongamana katikati, ungeweza kuyafunika kwa kiganja, na moja liko chini kabisa kwenye kona nyeupe. Kumpigia jirani shabaha yake ndiyo aibu kubwa kuliko zote kwenye mchezo huu. Kukosa ni bahati mbaya. Kupiga ya mwenzio maana yake hujui hata umesimama wapi.

Nilirudi na karatasi mbili. Bi Hazel alikuwa amenyoosha mkono. "Naweza kuichukua? Nitaitundika Arizona."

Bernadine alinisogelea. "Mpe yangu," alinong'ona.

"Bernadine."

"Mpe. Anaichukua yule mama, hachukui Merle."

Nikampa. Hapo ndipo nilidhani Merle angekuwa na haya ya kukaa kimya. Alitoa kalamu ya wino mfukoni, akaiweka karatasi juu ya meza, na chini ya matundu kumi ya Bernadine Kuzma akaandika jina lake kamili, tarehe, na maneno "Kwa Hazel, kutoka kwa bastola ya Harald." Mkono uliokuwa unatetemeka na bastola haukutetemeka hata kidogo na kalamu. Katika karatasi ile yote, kilichokuwa chake kihalali ni tundu lile la kwenye kona.

Bi Hazel aliipitishia vidole, kwa kuwa macho hayakumsaidia. Alihesabu kimya, akafika kwenye kona, kidole kikasimama. "Kumi na moja," alisema. "Nilisikia milio kumi upande huu."

Merle aliirudisha kalamu mfukoni. Yule mama akaikunja karatasi vizuri, akaitia kwenye mkoba na barua zake. Akamshukuru Noreen kwanza, halafu mimi, halafu akauliza ni nani aliyekuwa anapiga pembeni ya Bwana Tidrick. Bernadine akamwambia jina lake. Wakashikana mikono kwa muda mrefu kidogo kuliko watu wasiojuana wanavyoshikana. Merle alimpungia mkono gari lilipokuwa linatoka.

Lilipopotea kwenye kona, hakutuomba radhi. Alikwenda mezani, akatoa kioo cha kukuzia, akaanza kuiangalia silinda. Mstari ulikuwepo, mwembamba kama unywele, kuizunguka yote. "Angalieni," alituambia, na machozi yalikuwa yanamlengalenga. "Angalieni walichonifanyia." Tulikusanya vitu vyetu. Mtu mmoja alitema mate karibu na kiatu chake, si juu yake.

Mtu mwenye akili angeishia hapo. Merle hakuvumilia ule mstari. Aliipeleka kwa fundi mmoja wa mbali aisugue na kuipaka rangi upya, na hakumwuliza mtu, kwa kuwa hakuna aliyekuwa anaongea naye. Ilirudi inang'aa kama kiatu kipya. Fundi alikuwa amesugua mpaka kingo zikawa za mviringo na maandishi ya kiwanda yamefifia kama sarafu ya zamani. Kwa wakusanyaji, mstari ni kasoro. Kusuguliwa ni kifo. Aliipeleka kwenye maonyesho, akaiweka mezani pake kwenye boksi lake, na wenzake wa miaka mingi walikuja, wakainama, wakaangalia, wakapita. Mmoja alimwuliza kama boksi lenyewe anauza.

Alirudi nyumbani akaitupa kwenye meza ya jikoni. "Chukua," alimwambia Noreen. "Kavunje nayo lozi."

Noreen akaichukua. Jumamosi iliyofuata alikuja uwanjani nayo kwenye mfuko wa mboga, akamwomba Bernadine amwonyeshe pa kuweka miguu. Mwaka wa kwanza alikuwa mbaya kweli. Kifundo cha mkono kilimuuma, na alikuwa na tabia ya kuomba radhi kila akikosa, mpaka Bernadine akamwambia karatasi haina masikio. Bastola yenyewe haikujali ilivyosuguliwa. Triga yake ilikuwa bado ileile ya mwaka 1940, na ndani ya mtutu kulikuwa safi. Bernadine aliijaribu mara moja, akairudisha, akasema ni nzuri kuliko ya kwake, na sijamsikia akisema hivyo juu ya kitu kingine chochote.

Noreen alimwandikia Bi Hazel Arizona. Alinionyesha barua ya kwanza kabla ya kuituma, kwa kuwa aliogopa. Iliandikwa hivi, karibu neno kwa neno: Mpendwa Hazel, leo nimepata 163. Mume wangu hakuwahi kupiga bastola hii kabla ya siku uliyokuja. Samahani. Kifundo kinaniuma lakini nitaendelea.

Jibu lilikuja baada ya wiki mbili, kwa mwandiko wa binti yake. Bi Hazel alisema Harald, kwa bastola za kuazima, hakuwahi kupita 240 maisha yake yote, na aliporudi nyumbani alikuwa analaumu upepo. Zile 287 na 291 alizisoma kila mara akijua si za mtu yeyote. Lakini kulikuwa na mtu anaandika jina la Harald mara mbili kwa mwaka, na hakukuwa na mwingine aliyekuwa anafanya hivyo. Akaomba Noreen asiache kuandika, na asiongeze hata alama moja.

Sasa Noreen anafika 250 siku akiwa amelala vizuri. Merle naye amerudi, kidogo kidogo, kwanza kwenye gari, halafu kwenye benchi la nyuma. Analeta kahawa. Hatumfukuzi, kwa sababu ya mkewe. Wiki iliyopita alikuja mgeni kutoka klabu ya jirani, akamwona Noreen anapiga, akauliza ni nani aliyemfundisha yule mama. Merle alivuta koti lake vizuri, akasema ilimchukua muda, lakini mwanafunzi alikuwa msikivu. Bernadine alikuwa anafuta bastola yake. Hakuinua hata kichwa.